Kadi Iliishia Maji Yetu Yanapoanzia

Tumepimwa. Asitokee mtu akasema hatujapimwa. Sisi wa mteremko wa mashariki wa Mlima Meru, tunaokinga ndoo kwenye mabomba yanayoshuka kutoka msituni, tumepimiwa maji mara nyingi kuliko ng'ombe anavyopimwa kilo mnadani. Amekuja wa gari jeupe. Amekuja wa pikipiki, kisanduku amekifunga nyuma kwa mpira. Wamekuja vijana wa chuo, kofia za jua na mabegi mgongoni, shikamoo nyingi, adabu nzuri. Kila mmoja alichota, akadondosha dawa kwenye kichupa, akatikisa, akakiinua juani, akasema "mmh," akaandika, akaondoka. Ile "mmh" ndiyo majibu tuliyobaki nayo.

Kwa msomaji wa mbali tuseme kwanza kinachotafutwa. Meru ni mlima wa volkano, na miamba yake imejaa floraidi. Mvua inapenya kwenye miamba hiyo na majivu yake ya kale, ikija kutokea chini kama chemchemi imeshabeba mzigo. Isitoshe, maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo, na chokaa ndiyo ingeikamata floraidi ikaituliza. Shirika la Afya Duniani linataka lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5. Maji ya maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yamewahi kukutwa na miligramu 690. Hayo hatunywi, tumewaachia heroe. Sisi tunakunywa ya mito na chemchemi, na huko kukuta zaidi ya 10 si jambo la kumshtua mpimaji.

Upo mto ambao maji yake ni ya kahawia kiasi kwamba mahali penyewe pakaitwa Maji ya Chai. Mgeni akisikia habari za floraidi anadhani ndiyo iliyoupaka mto ule rangi. Sivyo. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vyetu hata ulimi hauitambui. Unaweza kuchota maji meupe, baridi, ukamsifia mwenye kisima, kumbe imo tele. Kwa sababu hiyo watu wa kemia wakatafuta dawa ya kuilazimisha iseme kwa rangi, na kwa sababu hiyo hatuishiwi wageni wenye vichupa.

Namna dawa hiyo inavyofanya kazi tulielezwa na kijana mmoja wa chuo, na tunamkumbuka kwa wema maana ndiye pekee aliyeona kwamba tunastahili kuelezwa. Kuna rangi nyekundu iliyoshikamana na madini yanayoitwa zirkoni. Floraidi inaipenda sana zirkoni. Ukimimina maji yenye floraidi, inaivuta zirkoni upande wake, rangi inaachwa peke yake, na wekundu unafifia. Floraidi nyingi, wekundu kidogo. "Ni kama bwana aliyenyang'anywa mke," alisema yule kijana, "anapauka." Kina mama walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo.

Kicheko kilipokwisha, bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye dumu akaanza kuhesabu kwa vidole. Maana siku nyingine huja afisa afya kupima klorini. Yeye anaponda kidonge, maji yakigeuka ya pinki anafurahi, dawa imo, kipindupindu hakipiti. Yakibaki meupe anakunja uso. Halafu kuna kile kichupa chenye karatasi ndani, mbinu iliyobuniwa India mwaka 1982, kinachowekwa mahali pa joto siku moja au mbili. Kikigeuka cheusi kama masizi, ujue maji yamekutana na choo. Na sasa hii ya floraidi, ambayo wekundu ni heri na kufifia ni balaa. "Kwa hiyo, mwanangu," bibi akauliza, "pinki nzuri, nyeusi mbaya, nyekundu nzuri, na nyeupe mara nzuri mara mbaya?" Kijana akajibu, "Ndiyo bibi, inategemea kipimo." Bibi akajitwisha dumu lake akaondoka. Barabarani tumefundishwa nyekundu simama. Kwenye maji, nyekundu twende.

Tungevumilia hayo. Mtu akikaa na kitu anakizoea. Kilichotuudhi ni kadi.

Kipimo kile cha mkononi huja na kadi yenye miraba ya rangi, kutoka nyekundu iliyoiva hadi iliyopauka, kila mraba na namba yake. Unakilinganisha kichupa na miraba, unasoma. Mraba wa mwisho uliandikwa 2. Maji yetu yakaenda moja kwa moja kwenye mraba wa mwisho, hayakusalimia mwingine njiani. Mpimaji akaandika 2. Fundi bomba wetu, ambaye si mtu wa kunyamaza, akauliza, "Ni mbili, au ni mbili kwenda juu?" Akajibiwa, "Kadi imeishia hapo."

Kemia yenyewe ndivyo ilivyo, kijana wa chuo alitueleza baadaye. Ule wekundu unasema kweli kuanzia sifuri hadi kama miligramu 2. Ukivuka hapo rangi imeshanyonywa na hakuna tena cha kufifia. Maji ya 3 na maji ya 13 yanaonekana mamoja. Dawa yake ni kuyazimua: sehemu moja ya maji yako, sehemu tisa za maji yaliyokenekwa, kisha jibu unalizidisha kwa 10. Mpimaji wetu hakuja na maji yaliyokenekwa. Mwendesha bodaboda akatumwa gereji akaleta chupa ya maji ya betri, na hivyo ndivyo heshima ya kijiji ilivyozimuliwa siku ile, kwa maji ya betri ya fuso. Ukikosea tone moja kwenye kuzimua, kosa nalo linazidishwa kwa 10. Hilo hatukuambiwa, tulilipigia hesabu wenyewe.

Na tusisahau kwamba wengine wetu maji yao ni ya rangi tangu mtoni. Unasomaje kufifia kwa wekundu ndani ya chai ya rangi? Kimashine cha kusomea kinaweza kuanza na kichupa kisichotiwa dawa, kikaitoa rangi ya maji yenyewe kwenye hesabu. Jicho la binadamu halina kitufe hicho. Tena macho hayalingani: wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na mmoja wao ni mjumbe wa kamati yetu ya maji, ambaye kwa miaka amekuwa akitia saini kwamba ameshuhudia.

Kadi moja waliiacha kama kumbukumbu. Ikabandikwa kwenye kioski cha maji, upande wa magharibi, jua la mchana likaila. Miraba yote leo ni rangi ya biskuti. Wateja wapya wanadhani ni tangazo la rangi za ukuta.

Majibu je? Sampuli huondoka kwenye chupa za plastiki zenye namba za kalamu ya wino mzito, huenda maabara, huko wana elektrodi inayopima bila kubahatisha rangi. Tunafurahi kusikia. Tulipofuatilia katika ofisi fulani, tuliambiwa majibu yako kwenye mfumo. Tukauliza mfumo unafunguliwa saa ngapi. Tukaambiwa yatawasilishwa kwa utaratibu. Utaratibu bado haujapanda mlima. Labda umekwama matope. Wakati huohuo, hatuna shaka kwamba yupo mtu aliyevaa joho kwa maji yetu. Hongera zake, elimu ni mali. Angetuachia hata ukurasa mmoja, ule wenye namba ya bomba letu, tungeubandika palipokuwa na kadi.

Redio nayo haituachi. Chemsha maji, chemsha maji. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, sawa kabisa, na tunachemsha. Ila floraidi haifi kwa moto kwa kuwa haikuwa hai. Mvuke unapanda, yenyewe inabaki sufuriani, na maji yakipungua yanakolea. Mama anayeweka birika jikoni tangu alfajiri ili wageni wakute maji ya moto anafanya wema na anaikoleza floraidi kwa wakati mmoja. Na magadi je? Makande bila magadi hayalainiki, kila mpishi wa huku anajua, na magadi hayo yanayochimbwa na kuokotwa nchi hii ya bonde la ufa nayo yana floraidi yake. Watafiti walishaeleza, humu humu Tanzania, kwamba magadi yanachangia kuharibu meno hata pale maji yanapokuwa na floraidi kidogo. Hatujamwona hata mmoja akitumbukiza kichupa chake kwenye chungu cha makande.

Sasa njoo kwenye kiwango, maana hapa ndipo wazee wetu hupandisha sauti. Mwaka 1974 nchi iliweka viwango vya muda vya maji ya kunywa, na floraidi ikaruhusiwa hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye ikashushwa ikawa 4. Sasa ni 1.5, sawa na dunia. Mzee mmoja hapa jirani ameteka chemchemi ileile tangu ujana. Alipooa, maji yake yalikuwa halali. Wajukuu walipozaliwa yakawa ya kutiliwa shaka. Leo ni haramu. Chemchemi haikufanya lolote. Kama kuna kitu kilichobadilika rangi hapa, ni karatasi za serikali.

Tunaelewa kwa nini walianzia 8. Wangeanzia 1.5 wangelazimika kufunga nusu ya mabomba ya Arusha, na sehemu za Singida na Shinyanga zingebaki na mvua tu. Mtu mwenye kiu humwambii maji haya yana namba mbaya. Lakini kuelewa hakunyooshi goti, na magoti hapa yapo ya kunyoosha: watoto wenye matege, wazee wasioweza kugeuza shingo bila kugeuza na mabega. Floraidi ikizidi sana na miaka ikawa mingi, madhara yake hayaishii kwenye meno, yanafika hadi kwenye mifupa.

Mtu atasema mbona dawa ipo. Ipo. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na kwa miaka wamefundisha watu kutumia mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo hadi inakuwa chembe nyeusi. Unazijaza kwenye ndoo, maji yanapita, floraidi inanaswa na ile chokaa ya mfupa. Kazi inafanyika, tumeona. Yalikuwapo maneno mwanzoni. Huyu anauliza ng'ombe alichinjwa na nani, yule anauliza una uhakika humo hamna punda, na mwenye kuuliza hakujibiwa vizuri, akarudi kwenye bomba. Wengine tukachukua ndoo.

Shida ya mkaa huo ni kwamba unachoka kimyakimya. Siku unapofika mwisho wa nguvu zake, maji yanapita humo na floraidi yake yote, na ndoo haikuonyeshi ishara yoyote. Mkaa uliochoka na mkaa mpya ni weusi mamoja. Hapa, na tunasema hili tukiwa tumeacha utani pembeni, ndipo kile kipimo cha rangi kilipokuwa na kazi hasa. Kila mwisho wa mwezi, kila nyumba, matone machache: bado nyekundu, endelea, imefifia, badilisha mkaa. Kwa kazi hiyo hata kadi inayoishia 2 inatosha, tena imetoshea kabisa, maana swali lenyewe ni kama maji yamevuka 1.5 au hayajavuka. Wenye ndoo walikuja mwezi mmoja, wenye vichupa wakaja mwaka mwingine, na hawakuwahi kukutana. Zipo nyumba hapa zilizochuja maji kwenye mkaa uliokufa kwa miaka, zikijisikia salama. Sisi tunawajua kwa majina, na baadhi yao ni sisi tunaoandika haya.

Wenzetu wa Nakuru, ng'ambo ya mpaka, bonde la ufa ni lilelile na floraidi ni ileile. Huko Dayosisi ya Kikatoliki imetengeneza mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Na ni huko Nakuru ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani walipeleka kipimo cha namna mpya, wakawapa wananchi wenyewe wakajaribu majumbani, habari yake ikatoka mwaka 2023. Ni kichupa chenye unga mkavu. Unadondosha maji yako, unasubiri. Floraidi ikiwa nyingi, yanageuka ya njano. Siri yake ni ya bakteria. Wapo bakteria wanaoihisi floraidi inapoingia mwilini mwao, wakawasha vifaa vya kujikinga. Wataalamu wameuchukua uhodari huo bila bakteria mwenyewe, wakaukausha, wakaufunga kwenye kichupa. Tuliposimuliwa, mama wa genge alitikisa kichwa. "Kwa hiyo hata mdudu akinywa sumu anaambiwa siku hiyohiyo," alisema. "Mimi nimelipa bili miaka kumi na sita."

Tunachowaonea wivu wa Nakuru ni jambo dogo: mwenye nyumba alishika kichupa mwenyewe, akasoma mwenyewe, nyumbani kwake. Huku kwetu kichupa kinashikwa na mgeni.

Bangladesh walikuwa na balaa la aseniki kwenye visima vyao. Wakapima visima karibu milioni 5 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa vipimo vya mkononi vinavyoacha doa la njano au kahawia kwenye karatasi, na kila kilichopimwa wakakipaka rangi mdomoni: chekundu usinywe, kijani kunywa. Hawakumaliza matatizo. Rangi ilififia, visima vipya vikachimbwa bila kupimwa, na wenye visima vyekundu wakaendelea kunywa pale ambapo hapakuwa na kingine. Ila mtoto aliyetumwa maji alijua anachota nini. Kopo moja la rangi ya mafuta na brashi, ndugu zetu. Jumuiya ya watumia maji ingenunua hata kwa michango. Tulilitoa wazo hilo kwenye mkutano wa kijiji, mgeni wa heshima akasema litaleta taharuki. Taharuki! Kama vile watu wa huku tukiangaliana usoni hatuoni.

Maana kipimo cha rangi tunacho, tumezaliwa nacho. Jino la mtoto linaumbwa ndani ya ufizi wakati bado anatambaa, na maji anayokunywa wakati huo yanaandikwa humo. Yakiwa na floraidi kidogo tu ya ziada, linakuja na madoa meupe kama chaki. Ikizidi, njano. Ikizidi zaidi, kahawia, na vishimo juu yake. Kadi kamili, miraba yote ipo, na hii haiishii 2. Ubovu wake ni kwamba majibu yanachukua miaka sita au saba kutoka, na yakishatoka hayafutiki. Wapo waliojaribu kuyafuta. Kwa mchanga, kwa mkaa, wengine kwa msasa wa fundi seremala, mpaka jino likawa na ganzi likinywa maji ya baridi.

Ukishuka Dar es Salaam na meno haya hujitambulishi. Ukicheka tu kwenye daladala mtu anasema, "Wewe wa Arusha." Wanasema kwa utani, na sisi tunacheka nao, mdomo umefungwa. Binti zetu wanapiga picha za kitambulisho kwa midomo iliyokazwa kama wana hasira na mpiga picha. Kijana wetu mmoja aliomba kazi ya mapokezi hotelini, akaambiwa kwa upole kwamba kazi ile inahitaji mtu wa tabasamu.

Zamani tulidhani ni chai, ni ugoro wa bibi, ni uvivu wa mswaki. Walimu walituchapa kwa uchafu. Leo mwalimu anajua, na yeye mwenyewe ni wa hapa, akifungua kinywa unaona anajua.

Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha umechimba visima virefu hadi upande wa Hai, kwenye maji mepesi ya Kilimanjaro, na tunasikia yanachanganywa na ya kwetu ili namba ishuke. Vizuri. Bomba la mradi huo tunaliona likipita kule barabarani, limetuacha juu mlimani, maji hayapandi bila pampu na pampu haipandi bila bajeti. Mwaka 2015 mwanasayansi wa hapa Arusha, Askwar Hilonga, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio la maji. Tulishangilia kama tumefunga goli. Wapo miongoni mwetu wanaouliza mpaka leo chujio linapatikana duka gani na mtungi wake bei gani kwa mtu anayelipia maji kwa ndoo.

Juzi amekuja mwingine. Huyu ana simu: unachovya karatasi, unaipiga picha, programu inasoma rangi yenyewe, hakuna kubishana kuhusu miraba. Kizuri sana. Kulikuwa na mawingu, simu ikasema mwanga hautoshi. Baadaye ikasema bando limekwisha. Tukamchangia bando. Picha ikaenda, kiduara kikazunguka, akatazama kioo, akasema anachosema kila mmoja wao, akafunga begi.

Shule ya msingi hapa jirani, darasa la kwanza ni mapengo matupu mwezi huu. Jino la utoto limeng'oka, la ukubwani linachungulia. Jioni utawaona kina mama uani, kila mmoja na wake, amemshika mtoto kidevu na kumgeuza upande wa jua. Wanainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, wanatazama.

"Mmh," wanasema.